Mstari Mnyoofu wa Friji Namba Saba

...na nilikuwepo, nilishuhudia yote kwa macho yangu haya mawili, kwa hiyo asije mtu akanifundisha habari za chumba kile, wala asiulize mtu nilikaa wapi, maana kiti kilikuwa kimoja na Bwana Baridi alikuwa amekikalia, dakika ya kwanza haijaisha tangu avitikise vile vichupa viwili na kuviweka juu ya meza ya bati, kimoja kimebandikwa plasta na kingine kiko uchi, vyote vyeupe kama maji yaliyosuuziwa chaki, na saa ya ukutani ikitembea kwa mguu wake mmoja, tik, tik, dakika thelathini, kitabu kinasema viangalie mpaka dakika thelathini, lakini anayejua kuangalia hangoji kitabu, na Bwana Baridi alijua kuangalia, miaka kumi na tisa analinda chanjo katika chumba hiki, bila kujisifu, ingawa kujisifu nako ni kazi na lazima apatikane mtu wa kuifanya, yeye ndiye aliyezijua friji tangu zama za kipimajoto cha kioo na daftari, asubuhi unaandika nyuzi, jioni unaandika nyuzi, na watu waliandika nne, nne, nne, mwezi mzima nne, hata siku friji lilipozimika na chura kuzaa chini yake waliandika nne, naye alikuwa akiandika nne, tano, nne, kwa sababu uongo nao unataka ufundi... dakika moja. Bado ni wingu tupu. Kile chenye plasta ndicho shahidi, alikigandisha makusudi tangu jana asubuhi, akakilaza kwenye sehemu ya barafu mpaka kikawa jiwe, leo asubuhi akakiacha kiyeyuke taratibu, kwa sababu chanjo hii ya watoto wachanga ikishaganda imekufa, na ubaya wa maiti huyu ni kwamba hanuki, habadiliki sura, ukimchoma mtoto nayo analia vilevile na mama anashukuru vilevile, ila ukiitikisa ndipo inajisema, chembe zake zimeshikana, zinazama upesi kama maziwa yaliyokatika na juu yake panabaki maji matupu, ilhali iliyo hai huelea, huchelewa, haina haraka ya kwenda chini kama mtu mwenye afya asivyo na haraka ya kwenda kaburini, kwa hiyo unavishika viwili kwa mkono mmoja, unavitikisa pamoja, unaviweka, unaangalia, yule asiye na plasta akichelewa kuzama basi mzima, wakizama sawa basi wote maiti, haina hesabu, haina kompyuta, mtoto wa darasa la pili anaweza, na hapo ndipo penye ubaya wake, kwa sababu hakuna pa kujificha ndani ya jaribio rahisi namna ile.

Huko nje, upande wa pili wa mlango wenye pazia, Sista alikuwa anaita kadi, sauti yake hupenya ukuta kama msumari, mama wa pacha, kadi ya huyu wa pili iko wapi, na mama wa pacha, imeliwa na panya Sista, na Sista, na huyo panya naye tumwandike amechanjwa, benchi zima likaangua kicheko, mtoto mmoja akaanza kulia kwa sababu watu wazima wamecheka, na katikati ya kilio mtoto mwingine akakohoa, kikohozi kimoja kikavu, basi, kimoja tu, lakini Bwana Baridi alihesabu, akangoja cha pili, akangoja cha tatu, kifaduro hakikohoi kimoja, kifaduro kinamshika mtoto mfululizo mpaka pumzi inaisha na midomo inabadilika rangi, kisha anavuta hewa kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta, na Jumatatu Sista alikuwa amesimama hapohapo kwenye pazia akasema, Bwana Baridi, kimeingia mtaa wa nyuma ya soko, watoto watatu, wote hawajachanjwa, tuombe kisivuke barabara, naye akajibu, kikivuka kitakuta tumejipanga, Sista, friji limejaa... friji limejaa, ndivyo alivyosema, akapiga mlango wa friji makofi mawili kama mtu anayesifu ng'ombe wake mnadani, na kesho yake Jumanne wakachanja watoto arobaini na mmoja, jana ilikuwa Jumatano, leo Alhamisi, na mmoja katika hao arobaini na mmoja ni mjukuu wake... hapana, asianzie huko, hiyo ni njia ya waoga, watoto arobaini wa watu na mmoja wa kwake, hesabu ni ileile, dakika ya tatu, kile cha plasta kimeanza kufanya kola shingoni, kola nyembamba ya maji safi, kama ilivyotazamiwa, shahidi anasema kweli, na mwenzake... mwenzake bado mweupe, au ni mwanga, dirisha hili lina vumbi, kioo hiki tangu mwaka juzi alisema kioshwe.

Chanzo ni kelele. Mtu akitaka kujua chanzo, ni kelele tu, maana Mhandisi alipokuja, binti mdogo, suruali yenye mifuko kumi, alipanda juu ya bati bila ngazi akafunga kidude kama kisosi kinachotazama mbinguni, akashuka, akatia kisanduku ubavuni mwa friji, na kutoka kwenye kisanduku akaingiza waya ndani, kwenye ncha ya waya kuna sensa, kitu kidogo hakizidi punje ya hindi, akaifunga kule nyuma, karibu na ukuta wa baridi, akasema, Mzee, hapa mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo friji lako litaongea na setilaiti, kila saa litasema nyuzi ngapi, sisi makao makuu tutaona, na likipungua chini ya mbili au likizidi nane, kisanduku kitalia na Sista atapata ujumbe, naye Bwana Baridi akakunja mikono, hiyo setilaiti yenyewe ni kubwa kiasi gani, nyumba, na Mhandisi akacheka, zipo za kila namna Mzee, hii ni kama hili friji lako hivi, na inazunguka dunia kwa saa moja na nusu, ukinywa chai yako polepole yenyewe imeshavuka bahari mbili, na Bwana Baridi akaipenda habari ile papo hapo, akaitia mfukoni, kufikia jioni alikuwa ameshaieleza kwa watu kumi na ilikuwa imeshavuka bahari nne. Lakini kelele, mama yangu, kelele, wiki ile ya kwanza tu kisanduku kililia Jumatatu, kikalia Jumatano, nyuzi moja nukta nane, pii pii pii, Sista anaingia na simu mkononi, Bwana Baridi kuna nini, hakuna kitu Sista, friji linajinyoosha, na makao makuu wanauliza, na yeye ni mtu wa miaka kumi na tisa, aulizwe na punje ya hindi, basi siku moja akaifungua sensa ile kule nyuma, taratibu, akaihamishia mlangoni, rafu ya juu, akaifunga kwa uzi wa kushonea, na kelele ikanyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Ikanyamaza siku tatu. Kisha joto lilipokuja, mlango unafunguliwa, unafungwa, Sista anachukua, Sista anarudisha, sensa iko palepale mlangoni inapigwa na hewa ya nje, ikaanza kulia upande wa pili, nyuzi tisa, nyuzi tisa na nusu, basi akakizungusha kile kitufe cha kuongeza baridi, kutoka alama ya tatu mpaka ya tano, ikawa sita mlangoni, tano mlangoni, ikatulia hapo, tano, tano, tano, mstari umenyooka kwenye kompyuta za makao makuu kama uliopigwa kwa rula, na hakuna aliyeuliza, wala yeye mwenyewe hakujiuliza, kwamba kama mlangoni ni tano, kule nyuma ukutani ni ngapi... ni ngapi, eh, fundi wa miaka kumi na tisa, ni ngapi.

Wakamletea cheti. Kipo hapo ukutani juu ya kichwa chake, hakukitazama lakini alijua kinamtazama, vituo mia moja na kumi na mbili, na Friji Namba Saba ndilo lenye mstari mnyoofu kuliko yote, muhuri, sahihi, akakitia plastiki ili kisiliwe na panya asiyechanjwa, na watunza chanjo wa vituo vingine wakaanza kupiga simu, kaka siri ni nini, siri ni mkono, kaka, mkono... na huyu wa Friji Namba Kumi na Mbili, mtu mpole, mwenye kigugumizi, alipiga mara tatu, na ya tatu karibu alie, kaka hiki kisanduku kitanifukuzisha kazi, na Bwana Baridi, kwa ukarimu, ukarimu ule wa mtu aliyeshiba, akamwambia, ihamishie mlangoni mdogo wangu, sensa inapenda hewa... sensa inapenda hewa, alilitunga neno lile hapohapo kwenye simu, lilikuwa tamu mdomoni, na yule akasema, Mungu akubariki kaka. Dakika ya tano. Kola ya shahidi imeshuka mpaka mabegani. Na huyu mwingine, huyu aliye uchi, ana kitu shingoni, au hana, akiinamisha kichwa anacho, akikiinua hana, na huko Kumi na Mbili Jumanne walichanja wangapi, hakuwahi kufikiria mpaka dakika hii, alikuwa anahesabu arobaini na mmoja usiku na mchana kana kwamba dunia nzima ni arobaini na mmoja.

Alijuaje, ni lile boksi. Jumanne baada ya watoto kwisha alipeleka mkono nyuma kurudisha vilivyobaki, maana sheria ni iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka, na za zamani zilikuwa zimesukumwa nyuma kabisa, ndizo walizotumia siku ile, na boksi likakataa, limeng'ang'ania ukuta, akalivuta likatoka na ngozi, karatasi yake imebaki kwenye bati la baridi, na bati lenyewe limeota ndevu nyeupe, akasimama, mlango wazi, akakitoa kichupa kimoja, ndicho hiki kilicho uchi, akakifumbata kiganjani kama mtu anayepasha moto kifaranga, kilikuwa maji, hakikuwa barafu, alikiona ni maji, lakini maji ya saa tisa mchana hayasemi yalikuwa nini alfajiri, na palepale mdomo wake, ambao haujawahi kumwangusha, ukamwambia Sista aliyekuwa anapita na ndoo, nataka kufanya lile jaribio la kutikisa, la kila robo mwaka, na Sista akasema, hee, kuna la kila robo mwaka? lipo Sista, nyinyi vijana hamsomi vitabu. Halipo. Na mkwe wake, mke wa mwanawe, fundi cherehani, msichana asiyeongea sana, huyo ndiye alikuwa hataki, wiki mbili hataki, alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani akasema, baba, nisamehe, mimi naogopa, nimesoma kwenye simu watu wanasema hizi sindano nyingine hazina kazi, naye akasimama katikati ya sebule, akainua kidole kuelekea kwenye paa, wewe mama unasoma simu, mimi nasomwa na setilaiti, kila saa, usiku na mchana, unajua kuna mtu mwingine katika ukoo huu anayesomwa kutoka mbinguni akiwa hai, na mkwe akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaziba mdomo kwa kanga, haya baba, kama mlinzi ni wewe nitamleta, akamleta, na yule mdogo akachomwa, akapiga ukelele, akamtapikia babu yake maziwa kwenye shati, na babu akatangaza kwa benchi zima, mnaona mke wangu, siku ya harusi ananitapikia, na watu wakacheka, mkwe akacheka, na ile sindano ilikuwa ama na kitu ndani yake ama maji meupe, mmoja katika hayo mawili, na mkwe alikuwa amesoma kwenye simu kwamba hazina kazi.

Plasta imeinuka kona. Aliiona sasa hivi, kona ya chini, imelegea kwa unyevu, ukucha mmoja tu ungeibandua na kuibandika kwa jirani, na hapo shahidi angekuwa mshitakiwa na mshitakiwa shahidi, na Sista akiingia dakika ya thelathini angeambiwa tazama, huyu wa plasta na huyu, au asiambiwe kitu, maana jaribio lenyewe ni la uongo na msimamizi wake ni mmoja, visafishwe, vitupwe, arudishe sensa nyuma, apunguze kitufe, na dunia iendelee kuzunguka kwa saa moja na nusu, chanjo ya pili ya watoto wale ni baada ya wiki nne, na ya tatu wiki nne tena, hizo zitakuwa nzima, mtu anaweza kujipigia hesabu kwamba sindano moja si kitu, wiki nne si nyingi, barabara ni pana, kifaduro hakina miguu... mkono wake ulikuwa juu ya meza. Ulikuwa karibu kuliko alivyouweka. Huko nje mtoto akakohoa tena, akahesabu, mara mbili, kisha mama yake akasema, ni vumbi tu Sista, ameamka anakohoa hivi, na Sista akasema, mlete huku karibu nimsikilize, na kwa nini akili ilikwenda kwa Mhandisi wakati ule hata mimi sijui, nasema nilichokiona, alimkumbuka ameketi kwenye ngazi ya mlangoni siku ile, anakula ndizi, amechoka, anasimulia bila kuulizwa kwamba setilaiti nayo ina sensa mwilini, kumi, ishirini, kwa sababu upande wa jua inaungua na upande wa kivuli inaganda, imefunikwa blanketi linalong'aa, na betri zake zikiganda imekwisha, na Bwana Baridi akauliza, na huko juu nani anailinda, na yule binti, mdomo umejaa, sisi Mzee, huku chini, tunatazama mistari, na mstari ukidanganya, akauliza tena, binti akacheka, mstari haudanganyi Mzee, unajua palipo na sensa tu, pengine pote haupajui, ndiyo maana wanaozifunga hawalali, wanabishana mwezi mzima sensa ikae wapi, na alilisikia lile kwa masikio yake, akalitikisia kichwa, na wiki mbili baadaye akaifunga yake mlangoni kwa uzi wa kushonea.

Dakika ya nane. Na hapa palikuwa na jambo la ajabu, kwamba hofu ilipungua, haikuisha, ilipungua kama maji ya ndoo inayovuja, na badala yake kikaja kitu kikavu, cha mtu wa kazi, akaona kwamba alikuwa anamwomba huyu asiye na plasta achelewe, zama polepole ndugu yangu, tafadhali, na kama angechelewa, tuseme amechelewa, tuseme kichupa hiki ni kizima, je, vile vingine vitano vya lile boksi lililong'ang'ania ukuta, je, Namba Kumi na Mbili, angerudi nyumbani anapiga mluzi, na sensa ingebaki mlangoni, kwa sababu yeye anajijua, akinusurika kesho angekuwa na hadithi, angesimulia jinsi alivyoshuku kitu kwa kipaji tu, akapima, akakuta safi, na watu wangesema mkono huo, kaka, mkono... kwa hiyo jaribio likifaulu lingemharibu zaidi kuliko likishindwa, hili lilimjia wazi na bila uchungu, kama mtu anayesomewa jina kwenye orodha ya zamu, na ambacho kichupa kingesema dakika ya thelathini hakikuwa tena ndicho kilichokuwa kinangojwa mezani pale, watoto arobaini na mmoja wanaitwa warudi, vichupa vizame au vielee, kwa sababu hakuna mtu duniani, wala juu ya dunia, anayejua kule nyuma palikuwa na nyuzi ngapi alfajiri ya Jumanne, na kishikwambi cha Sista kina namba za simu za mama wote, tarehe, jina la mtoto, kuna kitufe kimoja, unakibonyeza na mama arobaini na mmoja wanapata ujumbe mmoja, mleteni mtoto, na mkwe wake angeusoma ule ujumbe kwenye simu ileile, mguu kwenye cherehani, angeusoma mara mbili, na Bwana Baridi angekwenda kwake mwenyewe, mapema, kabla ujumbe haujafika kama inawezekana, asimame palepale katikati ya sebule, na asiinue kidole.

Vichupa vilikuwa palepale. Shahidi ameshuka mpaka kiunoni, mwenzake bado anabishana na mwanga wa dirisha, saa inakwenda, pazia halijafunguliwa, Sista anasema vua hiyo fulana ya mtoto mama nisikilize kifua, na Bwana Baridi akauondoa mkono wake mezani, akauweka gotini, akaita, Sista! akaita kwa sauti iliyonyamazisha benchi zima, njoo, usingoje dakika thelathini, njoo na kishikwambi, sensa ya friji iko mlangoni miezi miwili sasa, niliihamisha mimi, na Kumi na Mbili nimemhamishia mimi kwa mdomo wangu, apigiwe simu sasa hivi, kabla hajafungua friji... hapo kwenye sauti tu nimetia chumvi, mengine yote nimeyasema yalivyokuwa, lakini hakunyamazisha benchi lolote, ilitoka ndogo, imekwaruza, mfano wa mtu anayeomba maji, Sista hakusikia, akasema kutoka nje, nini? na ikabidi yote yale ayaseme tena tangu mwanzo.